Viumbe vya Mungu: Mbweha, mwenye jina baya na nyumba njema



Aliyelala hata usiku mmoja katika kijiji cha nchi ya nyasi huenda ameisikia sauti hii. Moto umebaki makaa, watoto wamelala, na huko mbali kando ya mashamba pasikika milio mifupi myembamba, mmoja nyuma ya mwingine, kama ya mbwa mdogo aliyepotea. Ikinyamaza, mingine huijibu kutoka upande wa pili wa bonde. Mama huwawazia kuku wake. Baba husema, "Ni mbweha tu," akajigeuza kitandani na kulala tena.

Neno hilo "tu" laeleza mengi. Simba twamwogopa, tembo twamheshimu, nyati twamkimbia. Bali mbweha twamdharau. Twamwita mwizi, mla mizoga, mfuasi wa simba. Tena tukikasirikiwa na mtu mwenye kujipendekeza, au mwenye kula jasho la wengine, twamtupia jina la mnyama huyo. Leo basi tumtazame mbweha kwa haki: jinsi alivyoumbwa, jinsi watu wa kale walivyomsimulia, na jinsi jina lake litumiwavyo vinywani mwetu. Huenda tukaona kwamba shauri hili lahusu nyumba zetu kuliko tulivyodhani.

MBWEHA NI MNYAMA GANI?

Mbweha, au bweha kama wengine wasemavyo, ni wa jamaa moja na mbwa. Umbo lake ni kama la mbwa mwembamba mwenye miguu mirefu, masikio yaliyosimama na mkia wenye manyoya mengi. Uzito wake haupiti sana kilo 12, na wengi hawafiki hapo.

Kwetu Kongo aliyeenea ni mbweha mwenye mistari ubavuni, ambaye wengine humwita bweha miraba. Rangi yake ni kijivu. Ubavuni ana mstari mweupe uliopakana na mweusi, na ncha ya mkia wake kwa kawaida ni nyeupe. Hukaa penye nyasi na miti iliyotawanyika: huko Katanga, katika nyanda za Virunga, na huko Garamba upande wa kaskazini-mashariki. Msitu mkubwa wa mvua haumfai, na kwa hiyo watu wengi wa msituni hawajamwona kamwe. Ndugu yake, mbweha mwenye mgongo mweusi, hukaa Kenya, Tanzania na nchi za kusini mwa Afrika.

Yuko tena wa tatu, mbweha wa rangi ya dhahabu, anayekaa Asia na sehemu za Ulaya. Zamani wataalamu walifikiri kwamba huyo yuko pia katika Afrika ya kaskazini na ya mashariki. Lakini mwaka 2015, walipolinganisha urithi uliomo katika damu ya wanyama hao, walitambua kwamba yule wa Afrika si mbweha wa dhahabu hata kidogo. Yeye ni wa ukoo wa karibu na yule mnyama wa Ulaya ambaye Wafaransa humwita loup. Basi hata wenye elimu walimwita kwa jina lisilo lake kwa miaka mingi. Tulikumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

Na chakula chake? Hapa ndipo masingizio yanapoanza. Ni kweli kwamba mbweha hula mizoga, na ni kweli kwamba akiona simba wameshiba husogea kutafuta mabaki. Lakini sehemu kubwa ya chakula chake huitafuta mwenyewe. Hukamata panya, panzi, mende wa porini, kumbikumbi, ndege na mijusi. Huyu wa kwetu mwenye mistari hupenda sana matunda, na majira ya matunda yakifika hula hayo kuliko nyama. Watu wa Ulaya walisadiki zamani kwamba mbweha ni mtumishi wa simba, aendaye mbele kumtafutia mawindo. Hakuna kitu cha namna hiyo. Simba akimkuta mbweha karibu na nyama yake humfukuza, tena aweza kumwua.

Hatusemi kwamba hana kosa. Mwenye kuku asiyefunga kibanda chake atapata hasara, na mwana-mbuzi aliyeachwa peke yake porini yumo hatarini. Hata mahindi machanga shambani huyaonja. Lakini mkulima mwenye kufikiri ahesabu pia panya na panzi walioliwa usiku kucha bila yeye kulipa mshahara wo wote. Ahesabu na mizoga iliyoondolewa kabla ya kunuka.

NYUMBA YA MBWEHA

Tufike sasa kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Kati ya wanyama wanaonyonyesha, walio wengi dume humwendea jike, kisha huenda zake. Kulea ni kazi ya mama peke yake. Mbweha sivyo. Dume na jike hukaa pamoja, na kwa kawaida hawaachani mwaka hata mwaka. Hulinda mipaka ya nchi yao pamoja, huwinda pamoja, na milio ile ya usiku ni njia yao ya kuitana na ya kuwaambia wengine: hapa pana wenyewe.

Mimba huchukua miezi 2 hivi. Jike huzaa katika shimo lililoachwa na mhanga, au katika kichuguu cha zamani. Watoto mara nyingi ni 3 hata 6, nao huzaliwa vipofu. Macho hufunguka baada ya siku 10 hivi. Siku hizo za kwanza mama hukaa nao shimoni. Ni nani basi amleteaye chakula? Ni baba. Huenda kuwinda, hula nyama, na akirudi huitapika mbele ya mke na watoto wapate kula. Sisi twaweza kuona ni jambo la kuchukiza. Lakini mbweha hana mikono wala kikapu. Tumbo lake ndilo kikapu chake. Na hatari ikikaribia, wazazi huwahamisha watoto kutoka shimo moja hata jingine.

Kuna neno la ajabu zaidi. Bibi mmoja mtaalamu wa Marekani, jina lake Patricia Moehlman, alikaa katika mbuga za Serengeti, Tanzania, akiwatazama mbweha wa mgongo mweusi siku baada ya siku. Mwaka 1979 alitangaza mambo aliyoyaona. Katika nyumba nyingi hakuwakuta baba na mama peke yao. Waliokuwamo pia ni watoto wakubwa wa uzazi uliotangulia. Hao hawakuondoka walipokuwa na nguvu za kujitegemea, bali walikaa msimu mmoja kuwasaidia wazazi kulea wadogo zao. Waliwaletea nyama, walilinda shimo wazazi walipokwenda kuwinda, walicheza nao na kuwazoeza. Na bibi huyo alipohesabu, aliona kwamba nyumba zenye wasaidizi zilikuza watoto wengi zaidi kuliko nyumba zisizokuwa nao. Kwa sababu ni rahisi kufahamu: fisi akija na mtu mzima mmoja yuko mlangoni, watoto hawaliwi; na penye wawindaji watatu, njaa haingii upesi.

Hata katika kuwinda, umoja wao wafaa. Mbweha mmoja akitaka kumkamata mtoto wa swala, mama swala humshambulia kwa pembe na kwato, na mara nyingi humshinda. Wakija wawili, mmoja humvuta mama upande huu, na wa pili humpata mtoto. Wazee wetu walisema: kidole kimoja hakivunji chawa.

Tusizidishe maneno lakini. Mbweha hana sakramenti ya ndoa. Hufuata silika aliyopewa na Muumba. Hakuahidi kitu, wala hawezi kujisifu kwa uaminifu wake. Mwanadamu ndiye aahidiye kwa hiari yake mbele ya Mungu na mashahidi, na kwa hiyo ndiye awezaye kuivunja ahadi. Ndiyo maana mnyama huyu aweza kututia haya: anayafanya bila akili yale ambayo baba wengi wenye akili wameyaacha.

JIHADHARINI NA KICHAA

Tumemsifu mbweha, lakini msimkaribie wala msimfuge. Huko Uhindi watu husema kwamba mbweha akijiwa na mauti hukimbilia mjini. Katika neno hilo mna ukweli kuliko wao wenyewe walivyodhani. Mbweha mzima huwaogopa watu na hutembea hasa usiku. Mkimwona mchana anatangatanga kati ya nyumba, hana hofu, anamwendea mtu au kupigana na mbwa, fahamuni kwamba huenda ana ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Ugonjwa huo huingia kwa mate ya mnyama anayeuma, na dalili zake zikiisha kuonekana kwa mtu, kwa kawaida hakuna dawa ya kumponya.

Kwa hiyo mtoto akiumwa na mbweha au mbwa, msingoje dalili. Osheni kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni, muda wa dakika 15 nzima, kisha mpelekeni hospitali siku ile ile apate sindano za chanjo. Msitie majani wala majivu kidondani, wala msimpeleke kwa mganga kwanza. Mwaka 1885 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alimchanja mvulana wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa vibaya na mbwa, na mvulana huyo akapona. Tangu siku ile, kufa kwa kichaa ni mara nyingi kufa kwa kuchelewa. Wachanjeni na mbwa wenu, maana watu wengi sana hupata ugonjwa huu kwa mbwa wa nyumbani, si kwa wanyama wa porini.

MISRI NA UHINDI

Watu wa kale walimwona mbweha kwa macho mengine. Wamisri walizika wafu wao mchangani, pembeni mwa jangwa, na usiku wanyama wa jamaa hii walizunguka-zunguka makaburini. Wataalamu hufikiri kwamba ndiyo asili ya Anubis, mungu wao wa maiti, aliyechorwa na kichwa cha mbweha. Walisadiki kwamba Anubis huutengeneza mwili wa marehemu usioze, kisha humwongoza mpaka mahali pa hukumu. Huko moyo wake hupimwa mizanini na unyoya wa haki uko upande wa pili. Walimpaka rangi nyeusi, ambayo kwao ilikuwa rangi ya udongo wa rutuba wa mto Nili na ya kurudi kwenye uzima. Basi aliyeogopwa kuwa mharibifu wa makaburi akafanywa mlinzi wake! Sisi hatuabudu wanyama. Lakini tazameni kwamba watu wenye hekima nyingi hawakuona aibu kumpa mnyama huyu kazi ya heshima.

Wamisri walikuwa na mungu mwingine wa sura hiyo, aliyeitwa mfungua njia, na aliheshimiwa hasa katika mji uitwao leo Asyut. Wagiriki walipofika waliuita mji ule Lykopolis, maana yake mji wa loup, si mji wa mbweha. Wazungu wengi wa baadaye walifikiri Wagiriki walikosea. Lakini twasema hapo juu kwamba mwaka 2015 wataalamu waligundua kuwa mnyama wa Afrika ya kaskazini ni wa ukoo wa loup. Basi jina la Wagiriki lilikuwa karibu na kweli zaidi.

Huko Uhindi mbweha ana kazi nyingine. Katika kitabu cha kale kiitwacho Panchatantra mna mbweha wawili walio watumishi wa simba mfalme. Kitabu hicho kilitafsiriwa Uajemi katika karne ya 6, na katika karne ya 8 Ibn al-Muqaffa alikitia katika Kiarabu kwa jina la Kalila na Dimna, ambayo ndiyo majina ya mbweha hao wawili. Hadithi yenyewe ni hii. Ng'ombe dume mmoja ameachwa na bwana wake malishoni; hunenepa na kunguruma, na simba, ambaye hajasikia sauti ya namna ile, hushikwa na hofu. Dimna huenda kumleta ng'ombe mbele ya mfalme. Simba humpenda, wakawa marafiki wa kukaa pamoja kutwa. Dimna huona wivu. Humwendea simba faraghani na kumwambia, "Rafiki yako anataka kukuua ashike ufalme." Humwendea ng'ombe na kumwambia, "Rafiki yako anataka kukula." Kila mmoja akimtazama mwenzake huona dalili za yale aliyoambiwa, maana mwenye hofu huona hatari katika kila tendo. Mwisho simba humrukia ng'ombe na kumwua; kisha hukaa akijuta.

Katika hadithi ya Kihindi mchongezi hapati adhabu. Lakini katika kitabu cha Kiarabu imo sura inayoeleza jinsi Dimna alivyoshtakiwa, akahukumiwa, akafa. Yaonekana moyo wa mtu haukuridhika kuona mchongezi akiondoka salama. Na angalieni kichekesho hiki: hadithi iliyotungwa kuwaonya watu wasisingizie wengine, yenyewe imemsingizia mbweha mbele ya dunia nzima.

Mbegu hiyo ilimea mahali pengi. Mwaka 1894 Rudyard Kipling, Mwingereza aliyezaliwa Uhindi, aliandika juu ya Tabaqui, mbweha mjipendekezaji anayemtumikia chui-milia Shere Khan. Maskauti wadogo wa parokia zetu huyajua majina hayo kwa michezo yao. Afrika ya kusini mbweha ndiye mjanja wa hadithi, anayemdanganya hata simba, kama sungura katika hadithi za Waswahili na Kabundi kwa Waluba. Wilhelm Bleek alichapisha kitabu cha hadithi hizo za Wakhoi mwaka 1864. Huko huko, jua likiwaka na mvua ikinyesha pamoja, husema mbweha anaoa. Na Wahindi, walio mbali nao ng'ambo ya bahari, husema vile vile. Hapo walau hawakumtaja kwa wizi, bali kwa arusi.

KATIKA MAANDIKO MATAKATIFU

Katika Biblia za Kiswahili jina mbweha husimama mahali pa wanyama wawili: mbweha wetu, na yule mdogo wake wa Ulaya na Asia ambaye Wafaransa humwita renard. Kiebrania nacho hakikuwatenga sana. Tunasoma katika kitabu cha Waamuzi kwamba Samsoni aliwakamata mbweha 300, akawafunga mikia wawili wawili pamoja na mienge, akawaachia katika mashamba ya Wafilisti. Wafafanuzi wengine hufikiri hao walikuwa mbweha wa kweli, maana renard hukaa peke yake na ni shida kuwapata wengi, bali mbweha hukaa jamaa jamaa.

Manabii Isaya na Yeremia walipotaka kueleza maangamizi ya mji, walisema utakuwa makao ya mbweha: penye vicheko vya watu pasisikike ila mlio wake. Yobu naye katika mateso yake, alipoachwa na rafiki zake, alijiita ndugu wa mbweha. Lakini someni pia sura ya 4 ya Maombolezo. Yerusalemu umezingirwa, njaa ni kali, na mwandishi analia kwa kuwaona mama walioacha kuwapa watoto wao chakula. Hapo awataja wanyama hawa wa jangwani kuwa mfano mwema: hata wao huwanyonyesha watoto wao. Mambo tuliyosoma juu ya shimo la mbweha, Maandiko yaliyajua tangu zamani.

Na Bwana wetu Yesu Kristu? Twamsikia akilitaja jina hili mara mbili. Katika Injili ya Mtakatifu Mateo awataja mbweha walio na mashimo yao, ili aonyeshe kwamba yeye mwenyewe hana pa kulaza kichwa. Na katika Injili ya Mtakatifu Luka, alipoambiwa kwamba Herode anataka kumwua, alimwita Herode kwa jina la mnyama huyu. Tufikiri vizuri aliyeitwa hivyo ni nani. Si maskini, si mwenye dhambi aliyekuja kutubu, si mtoto. Alikuwa mtawala mwenye askari na gereza, aliyekwisha kumkata kichwa Yohane Mbatizaji. Neno lile lilikuwa neno la ushujaa, lililosemwa kumwelekea mwenye nguvu.

VINYWANI MWETU

Sisi twafanya kinyume. Jina la mnyama twalitupa chini, juu ya aliye mdogo kuliko sisi. Wasemao Kifaransa mijini husema chacal wakimtaja mtu anayefaidika kwa msiba wa mwenzake. Jina lenyewe limesafiri mbali: Wafaransa walilipata kwa Waturuki, Waturuki kwa Waajemi wasemao shaghal, na asili yake ni Uhindi. Limekokota mashtaka yake njia nzima, wala hakuna aliyemwuliza mnyama mwenyewe.

Mtu atasema: matusi ni upepo, na mbweha hasikii. Ni kweli, mbweha hasikii. Lakini mtu asikia. Tena wanaosimama karibu wasikia nao hujifunza. Mwaka 1994 katika Rwanda Watutsi waliitwa mende redioni, siku baada ya siku. Katika siku zipatazo 100 waliuawa watu zaidi ya 800,000, na watu wa Kivu wajua mateso yaliyofuata upande huu wa mpaka. Panga halikuanza, jina ndilo lililotangulia. Aliyezoea kumwita jirani yake mdudu hakuona tena kwamba anamwua mtu.

Mwaweza kusema hayo ni mambo ya wakubwa na ya siasa. Basi tuingie nyumbani. Yumo mtoto wa ndugu aliyefariki, aliyeletwa akiwa na kifurushi chake kimoja. Hula mwisho, huchota maji kwanza. Usiku mmoja aonekana akichukua kipande cha nyama sufuriani, na mama mwenye nyumba ampigia kelele mbele ya wote: "Mbweha wee! Umekuja kutumaliza!" Kesho watoto wa nyumba humwita hivyo wakicheza. Mwezi ukipita, majirani nao. Na siku kitu kikipotea, haulizwi mwingine. Kitendo chake cha kwanza kilikuwa njaa tu. Jina ndilo lililomfanya mwizi. Huyo ndiye Dimna mwingine, anayekaa katika ndimi zetu wenyewe.

Baba, mama, kosa la mtoto litajeni kwa jina lake: umechukua nyama bila kuomba, usifanye tena. Kisha tazameni sahani yake kama ina kitu. Kosa lililotajwa hivyo laweza kusahihishwa, lakini jina la mnyama halisahihishiki, maana halisemi alichofanya, lasema alivyo. Wazee walisema, heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Na kwa kuwa tumeingia katika nyumba ya mbweha, tusitoke mikono mitupu. Baba aliyepokea mshahara wa juma akumbuke yule dume anayerudi shimoni akiwa na chakula cha wote, asipite kwanza penye pombe. Kaka na dada wakubwa wasione aibu kuwabeba wadogo zao. Lakini wazazi waangalie neno hili pia: yule msaidizi wa mbweha hukaa kwa muda, kisha huachiwa aende kuanza maisha yake. Si haki binti mkubwa atolewe shuleni kila mama azaapo, mpaka ujana wake uishe mgongoni mwa watoto wasio wake. Msaada una kipimo, na mnyama wa porini ameujua.

Jina jema, walisema wazee, hung'aa gizani. Mbweha hana awezalo kufanya kuhusu jina lake. Wale wanaokula nasi mezani majina yao yamo vinywani mwetu, na kila siku twaweza kuwapa mema.

Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutasema juu ya mhanga, yule mchimbaji wa usiku ambaye mashimo yake yamewapa nyumba mbweha na wengine wengi.